John Smeaton: Kijana aliyeacha sheria akatufunza siri ya saruji na maji

UKIPANDA matatu kutoka katikati ya jiji la Nairobi ukielekea Kangemi, hebu tazama kulia na kushoto unapopita Westlands. Kreni zimejaa hewani. Geuka upande wa Kileleshwa, Kilimani na Lavington, mambo ni yale yale. Nyumba ya zamani iliyokuwa na bustani kubwa imebomolewa, pamechimbwa shimo, na kabla hujasahau sura ya ile nyumba tayari kuna ghorofa kumi na kitu. Vijana wengi mnaosoma ukurasa huu mmewahi kubeba kokoto huko, au mna ndugu anayebeba leo. Mjengo umelisha wengi.

Sasa jiulize jambo moja. Siku ya kumwaga slebu kila mtu yupo: fundi, msimamizi, mwenye ploti, mashine inanguruma, chakula kinapikwa. Kesho yake ni nani anayeiangalia ile slebu?

Mara nyingi hakuna. Na hapo ndipo kosa huanzia, kwa sababu nguvu ya zege haizaliwi siku ya kumwagwa. Huzaliwa katika siku zinazofuata, na mkunga wake ni maji.

Mmoja wa watu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa kupima badala ya kukisia alikuwa Mwingereza aitwaye John Smeaton. Alifariki mwaka wa 1792, zaidi ya miaka 100 kabla reli haijafika mahali tunapopaita Nairobi. Hakuwahi kuona mfuko wa simiti wa kilo 50. Lakini kila unapoona kijana akinyunyizia slebu maji asubuhi, ujue somo hilo lina alama ya mkono wa Smeaton.

Mtoto wa wakili

Smeaton alizaliwa Juni 8, 1724, katika nyumba ya Austhorpe karibu na mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa wakili, na kama wazazi wengi wa hapa kwetu, alitaka mtoto wake afuate njia hiyo hiyo. Kazi safi, ya ofisini, yenye heshima.

Mtoto mwenyewe alikuwa na mawazo mengine. Alipenda kukaa na mafundi kuliko kucheza na wenzake. Aliwauliza maswali, akatazama mikono yao, kisha akarudi nyumbani kujaribu mwenyewe. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuwatazama watu wakifunga mashine ya mvuke ya kuvuta maji kwenye mgodi wa makaa, akaenda kuunda ndogo ya kwake. Ilipofanya kazi, aliijaribu kwenye kidimbwi cha samaki cha baba yake, akakikausha. Samaki hawakufurahi, na mzee pia hakufurahi.

Mwaka wa 1742, akiwa na miaka 18, alipelekwa London kusomea sheria. Alijaribu. Alihudhuria mahakama, akasikiliza kesi, lakini moyo haukuwepo. Mwishowe alimwandikia baba yake barua ndefu akimweleza kwamba hataweza kuishi maisha hayo. Mzee, kwa hekima yake, alikubali. Hakumkatia msaada wala kumfukuza nyumbani. Alimwacha aende akafanye kazi ya mikono.

Smeaton akawa fundi wa vyombo vya sayansi: dira za mabaharia, pampu za kuvuta hewa, vifaa vya kupimia. Kufikia mwaka wa 1753 alikuwa amechaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa nchi yake. Alikuwa hajatimiza miaka 30.

Tabia yake moja ndiyo iliyomtofautisha na wengine. Hakuamini jambo kwa sababu wazee walisema. Alijenga mfano mdogo, akabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, akapima, akaandika. Alifanya hivyo kwa magurudumu yanayozungushwa na maji, yale yaliyotumika kusaga nafaka. Akaonyesha kwamba gurudumu linalopokea maji kutoka juu linatoa kazi karibu mara mbili ya lile linalosukumwa na maji kutoka chini. Kwa utafiti huo alipewa nishani ya Copley mwaka wa 1759. Kumbuka tabia hii, kwa maana ndiyo itakayotufikisha kwenye slebu.

Mwamba uliokula minara

Nje ya bandari ya Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna miamba inayoitwa Eddystone. Iko kilomita kama 22 kutoka bandarini, na maji yakijaa karibu yote huzama. Meli nyingi zilipasuka hapo na mabaharia wakafa.

Mnara wa kwanza wa taa kwenye mwamba huo ulijengwa na Henry Winstanley, ukawashwa mwaka wa 1698. Winstanley aliuamini sana mnara wake hata akatamani kuwa ndani yake siku ya dhoruba kali. Novemba 1703 dhoruba ilikuja naye akiwemo. Asubuhi hapakuwa na mnara, wala Winstanley.

Mnara wa pili ulijengwa na John Rudyerd ukakamilika mwaka wa 1709. Sehemu yake kubwa ilikuwa mbao. Ulidumu karibu nusu karne, hadi Desemba 1755 ulipowaka moto kutoka juu. Mmoja wa walinzi, Henry Hall, ambaye alitajwa kuwa na umri wa miaka 94, alikuwa akirusha maji juu kuuzima moto huo risasi iliyoyeyuka kutoka kwenye paa ilipomwingia mdomoni. Alisema ameimeza, watu hawakumwamini. Alipokufa siku chache baadaye, daktari alikuta donge la risasi tumboni mwake.

Wenye mnara wakamwendea rais wa Royal Society kuuliza ni nani anayeweza kujenga wa tatu. Akawatajia Smeaton. Alikuwa na miaka 31 na hakuwa amewahi kujenga mnara wa taa maishani mwake.

Smeaton aliamua kujenga kwa mawe matupu. Umbo aliliazima kwa mti wa mwaloni: mpana chini, mwembamba juu, kitovu cha uzito karibu na mizizi. Kila jiwe lilichongwa lishikane na jirani yake kama vidole vilivyofumbatana. Lakini swali gumu lilibaki. Ni kitu gani kitakachoshika mawe hayo mahali ambapo bahari huyapiga mara mbili kila siku?

Madonge ndani ya maji

Wakati huo mota ilikuwa chokaa na mchanga. Watu wa pwani yetu wanaijua chokaa vizuri. Wajenzi wa Lamu na Mombasa waliichoma kutokana na matumbawe kwa karne nyingi. Chokaa ya kawaida hushika polepole kwa kuvuta hewa. Ukiitumbukiza majini ingali mbichi haigandi, inabaki uji. Mnara wa Smeaton ungefuliwa na bahari hata kabla ya kukauka.

Kwa hiyo akaanza kazi ambayo ukiitazama kwa mbali utaona kama mchezo wa watoto. Alichukua chokaa za mawe mbalimbali, akazikanda na maji, akafinyanga madonge madogo ya kutosha kiganjani. Akayaacha yashike kidogo, kisha akayatumbukiza majini na kungoja. Mengine yaliyeyuka. Mengine yalibaki laini. Machache yaligeuka magumu kama jiwe.

Vitabu vya zamani, tangu enzi za Warumi, vilifundisha kwamba jiwe gumu hutoa chokaa ngumu. Smeaton alilijaribu hilo akaona si kweli. Ugumu wa jiwe haukuwa na maana yoyote. Huko Plymouth alikuwa na rafiki mkemia, William Cookworthy, aliyemwonyesha jinsi ya kuyeyusha jiwe la chokaa kwa asidi. Alipofanya hivyo aliona kwamba yale mawe yaliyotoa chokaa inayoganda majini yaliacha mabaki ya udongo mfinyanzi, na yale mengine hayakuacha kitu cha maana. Siri ilikuwa kwenye ule udongo ambao watu waliuona ni uchafu.

Mwishowe alichagua chokaa ya Aberthaw, pwani ya Wales, akaichanganya nusu kwa nusu na pozolana, yaani unga wa volkano kutoka Civitavecchia, Italia. Pia alijaribu taka za kazi ya chuma, kama magamba yanayodondoka kwenye nyundo ya mhunzi, kuona kama zinaweza kuchukua nafasi ya volkano. Shika jambo hilo la taka za chuma, tutalirudia.

Angalia kwa makini alichogundua. Kwa mota hii maji hayakuwa adui tena. Lile donge lililolala majini halikuharibika, lilizidi kuwa gumu kadiri siku zilivyopita. Kugumu kwake hakukutokana na kukauka. Huu ndio ukweli ambao hadi leo watu wengi wa mjengo hawaukubali: saruji haikauki ndipo igumu. Hunywa maji ndipo igumu.

Mnara wawaka

Kazi ya mwambani ilifanyika majira ya joto tu, saa chache kila siku, maji yakipwa. Jiwe la kwanza liliwekwa Juni 12, 1757. Nchi ilikuwa vitani na wanamaji walikuwa wakikamata vijana kwa nguvu kuwapeleka manowarini, kwa hiyo vibarua wa Smeaton walipewa medali maalumu za kuonyesha kwamba wako kazini Eddystone na wasiguswe. Smeaton mwenyewe alipanda mwambani nao, akilowa kama wao.

Hata hapo hakuitelekeza mota ikiwa changa. Viungo vya nje vilifunikwa kwa plasta inayoganda haraka, ili mawimbi yasiifagie mota kabla haijashika. Kwa lugha ya leo tungesema aliikinga zege ikiwa mtoto.

Mnara ulikamilika ukiwa na kimo cha kama mita 22, na Oktoba 16, 1759 taa ikawashwa. Mishumaa 24, basi. Lakini ilionekana mbali, na mnara haukutikisika. Ulisimama pale zaidi ya miaka 120. Kilichouondoa si udhaifu wake: ni mwamba wenyewe ulioliwa na bahari chini yake. Mnara mpya ulipowashwa mwaka wa 1882, watu wa Plymouth waliichukua sehemu ya juu ya mnara wa Smeaton, jiwe kwa jiwe, wakaijenga upya mjini mwao. Iko hapo hadi leo. Na kisiki cha chini bado kimesimama baharini.

Daraja lililoanguka

Baada ya Eddystone, Smeaton alipata kazi kila upande. Alijenga madaraja ya Coldstream na Perth huko Scotland, akabuni mfereji wa Forth na Clyde, akarekebisha bandari ya Ramsgate, akaboresha mashine za mvuke. Alijiita injinia wa kiraia, kujitofautisha na mainjinia wa jeshi, na jina hilo likashika. Mwaka wa 1771 alishirikiana na wenzake kuanzisha chama cha mainjinia wa aina hiyo, cha kwanza nchini mwao. Kila kijana anayesomea uinjinia wa ujenzi leo katika Chuo Kikuu cha Nairobi amebeba jina hilo.

Lakini usidhani kila alichogusa kilisimama. Alijenga daraja huko Hexham, likakamilika mwaka wa 1780. Machi 1782 mto ulifurika, maji yakachimba changarawe chini ya nguzo zake, na daraja likabebwa. Liliumiza jina lake na moyo wake. Hakulificha wala hakuwasukumia vibarua lawama. Mawe yalikuwa mazuri na mota ilikuwa nzuri, ila ardhi iliyoyabeba ilikuwa dhaifu.

Somo hilo linatufaa sana hapa Nairobi. Jengo la Huruma lilipoanguka usiku wa Aprili 29, 2016 na kuua takriban watu 50, lilikuwa limejengwa kando ya mto na lilikuwa limeshawekwa alama ya kubomolewa. Majengo huanguka kwa sababu nyingi: msingi mbovu, chuma kilichopunguzwa, ghorofa zilizoongezwa bila idhini. Kumwagia slebu maji hakuwezi kuponya msingi mbovu. Lakini zege yenye njaa ya maji huongeza shimo moja zaidi kwenye mtego ambao tayari una mashimo mengi.

Smeaton aliandika kitabu kikubwa kuhusu mnara wa Eddystone, kikachapishwa mwaka wa 1791. Alieleza kila kitu, hata majaribio yaliyoshindikana, ili wengine waanzie alipofika. Septemba 1792 alipata kiharusi akitembea bustanini kwake Austhorpe, pale pale alipozaliwa. Alifariki Oktoba 28 akiwa na miaka 68.

Kutoka Leeds hadi kwenye mfuko wako

Miaka 32 baadaye, mjenzi wa matofali kutoka Leeds hiyo hiyo, Joseph Aspdin, alipata hataza ya unga aliouita saruji ya Portland. Alichoma chokaa pamoja na udongo mfinyanzi, kile kile ambacho Smeaton alikikuta chini ya asidi. Jina Portland lilitokana na jiwe maarufu la ujenzi la Uingereza, ambalo pia lilitumika kwenye mnara wa Eddystone.

Zile taka za chuma nazo zikapata siku yao. Tanuri la kuyeyusha madini ya chuma hutoa taka zinazoelea juu kama povu la sufuria. Huitwa slagi. Mwaka wa 1862 Mjerumani Emil Langen aligundua kwamba slagi ikipozwa ghafla kwa maji hugeuka chembe kama za glasi, na chembe hizo zikisagwa na kuchanganywa na chokaa huganda kama saruji. Hapo ndipo saruji ya slagi ilipoanzia.

Leo kiwango cha saruji kinachotumika Kenya, KS EAS 18-1, kinaitambua. Ukiona mfuko umeandikwa CEM III, ujue kuna slagi ndani, kuanzia asilimia 36 hadi 95. Ukiona CEM IV, kuna pozolana au kitu cha jamii yake, kati ya asilimia 11 na 55. Kwa kuwa Bonde la Ufa limetujalia mawe ya volkano, mchanganyiko wa pozolana ndio uliozoeleka zaidi madukani kwetu. Kwa habari ya maji, hawa wawili ni ndugu.

Kwa nini slagi ina kiu zaidi

Saruji tupu huanza kazi mara tu inapokutana na maji. Katika kazi hiyo hutoa chokaa. Slagi na pozolana hungojea chokaa hiyo ndipo ziamke vizuri. Ni kama mgeni anayefika sherehe ikiwa katikati: atacheza hadi alfajiri, lakini usizime muziki saa tatu.

Ndiyo maana zege ya saruji ya slagi huonekana dhaifu siku za mwanzo. Ikifika siku ya saba, zege ya saruji tupu huwa imepata takriban theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28. Ya slagi nyingi mara nyingi huwa imepata kama nusu tu. Lakini ikipewa unyevu, hukaza mwendo. Kwenye siku 28 huwa imeikaribia ile nyingine, na miezi inayofuata huweza kuipita. Tena haitoi joto jingi, na huvumilia chumvi za ardhini na za baharini kuliko saruji tupu. Si saruji mbaya hata kidogo. Ni saruji inayotaka subira.

Sasa mnyime maji huyo mgeni siku ya pili. Jua la Januari linapiga, upepo unapita ghorofa ya nane pale Kilimani, unyevu unatoka juu ya slebu. Unyevu ndani ya vitundu vya zege ukishuka sana, kazi inasimama. Saruji tupu itakuwa imeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Slagi itakuwa haijaanza vizuri. Kwa hiyo zege ya slagi iliyokaushwa mapema hupoteza zaidi kuliko ya saruji tupu. Na inayoumia kwanza ni ngozi ya nje, zile sentimita chache zinazokinga chuma. Ngozi ikibaki na vitundu, hewa na maji hupenya, chuma hushika kutu, kutu huvimba, na miaka michache baadaye zege inapasuka na kudondoka vipande.

Baridi pia ina neno lake. Wengi hudhani baridi ya Julai ni salama kwa kuwa slebu haikauki haraka. Ni kweli haikauki haraka, lakini slagi huchelewa zaidi kwenye baridi kuliko saruji tupu. Nguzo za mbao zinazoshikilia slebu zikitolewa Julai kwa hesabu za Februari, unacheza na maisha ya watu.

Kuna alama moja ya kuvutia. Zege ya slagi iliyotunzwa kwenye unyevu ikivunjwa, ndani yake huonekana rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, kisha rangi hiyo hufifia ikipigwa na hewa. Usiogope ukiiona. Si ukungu.

Namba iliyo kwenye mfuko

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mfuko umeandikwa 32.5 au 42.5. Mwenye ploti anadhani amenunua nguvu hiyo kama mtu anavyonunua kilo mbili za sukari. La hasha. Namba hiyo ni nguvu, kwa niutoni kwa kila milimita mraba, ya mota maalumu iliyotengenezwa maabara, ikatolewa kwenye kalibu baada ya siku moja, kisha ikazamishwa ndani ya maji ya nyuzi 20 hadi siku ya 28. Yaani imefanyiwa kile kile Smeaton alichofanyia madonge yake. Mfuko unakuahidi nguvu kwa sharti la maji, na sharti hilo halijaandikwa kwa herufi kubwa.

Vivyo hivyo kwa zile kyubu za milimita 150 zinazotengenezwa siku ya kumwaga na kupelekwa maabara. Zinalala kwenye tangi la maji siku saba au 28, kisha zinavunjwa. Zikifaulu, karatasi inakuja na kila mtu anashangilia. Lakini kyubu ililala majini. Slebu ililala juani. Karatasi hiyo inakuambia zege ilivyoweza kuwa, haikuambii ilivyo kule juu. Mjengo wenye busara hutengeneza kyubu nyingine chache, ukaziacha kando ya slebu zipate jua lile lile, upepo ule ule na maji yale yale, kisha ukalinganisha. Kubadilisha kitu kimoja na kupima: Smeaton mtupu.

Unachoweza kufanya kesho

Huenda wewe si injinia. Huenda wewe ndiye yule kijana anayepewa mpira wa maji na kuambiwa azunguke. Basi jua kwamba kazi yako si ya kupoteza wakati.

Anza mapema. Mara tu uso wa slebu unaposhika kiasi kwamba kidole hakiachi alama, ifunike. Magunia yaliyoloweshwa yanafaa, mradi yasiachwe yakauke, kwani gunia kavu hunyonya maji ya slebu. Karatasi ya plastiki iliyobanwa kingo inafaa sana siku za mgao wa maji, maana huzuia yale yaliyomo yasitoroke. Kwenye slebu bapa unaweza kuzungushia kijituta cha udongo au mchanga na kuacha maji yatuame. Kunyunyiza asubuhi na jioni kisha kuacha jua lifanye litakavyo mchana kutwa si kutunza, ni kutesa. Nguzo nazo zisisahaulike. Watu huloesha slebu na kuacha nguzo zikiwa uchi, ilhali nguzo ndizo zimebeba kila kitu.

Siku ngapi? Kanuni ya India, IS 456 ya mwaka wa 2000, ambayo hali yake ya hewa tunaweza kuielewa, inataka angalau siku saba kwa saruji tupu na siku kumi zinapotumika slagi au majivu. Pakiwa na joto na ukavu inapandisha hadi kumi na 14. Mradi wako una injinia, basi neno lake ndilo la mwisho, lakini siku mbili si jibu popote.

Na usichanganye maji mawili. Maji ya kutunzia huwekwa juu, zege ikishashika. Maji yanayoongezwa kwenye mchanganyiko ili uteleze kwa urahisi huua nguvu. Mmarekani Duff Abrams alilionyesha hilo mwaka wa 1918: kadiri maji yanavyozidi saruji ndani ya mchanganyiko, ndivyo zege inavyodhoofika. Maji mengi ndani ni hasara. Maji mengi nje ni faida.

Ukipita katikati ya jiji, inua macho uitazame KICC, ile zege ya rangi ya matofali iliyofunguliwa mwaka wa 1973 na bado imesimama. Haikusimama kwa sababu ya simiti peke yake. Kuna vijana ambao majina yao hayako kwenye ukuta wowote, walioshika mpira wa maji wakati wengine wameshaenda nyumbani.

Smeaton aliacha kazi ya heshima akaenda kufinyanga madonge na kuyatazama yakilala majini. Watu wa enzi yake wangeweza kumcheka. Lakini kisiki cha mnara wake bado kiko baharini, na bahari haijakimaliza. Kwa hiyo msimamizi akikuuliza kwa nini unapoteza maji siku ya tisa, mwambie kwa heshima kwamba saruji hii ina slagi au pozolana ndani, na bado haijamaliza kunywa.